Babu alikuja kuchapa wasifu wake mwenyewe

Ilikua mwezi wa tano, mvua imekatika muda huo huo, umeme umerudi, na wanafunzi wa kutoa kopi wamejaa mpaka nje ya stesheneri yangu. Akaingia mzee mmoja na mfuko wa nailoni mweusi kaubana kwapani. Nikamwamkia nikamwambia babu pita mbele nikuhudumie, akakataa, akasema hao watoto wana mtihani, mimi sina haraka. Akakaa kwenye benchi akasubiri zamu yake kama mtu mwingine yeyote.

Zamu ilipofika akatoa karatasi mbili za daftari, zimeandikwa peni ya bluu, herufi kubwa kubwa za mtu aliyesoma zamani.

"Nichapie hii mjukuu wangu. Nataka nakala tatu."

Juu kabisa imeandikwa WASIFU WA MAREHEMU.

Nikampa pole, nikamuuliza marehemu ni nani yako.

"Ni mimi."

Nimekaa na hilo jibu zaidi ya miezi miwili sasa. Nimejaribu kuliacha halitaki kuniacha, ndo maana leo naandika.

## Miezi kumi ya mwenzangu

Sio kwamba anaumwa sana. Ana sukari na miguu inamsumbua, lakini anatembea mwenyewe, analima bustani ya mchicha kule mtoni. Kilichomleta ni msiba wa mwezi wa nne. Walimzika rafiki yake, jirani yake tangu ujanani, na pale kabla ya kwenda makaburini kijana wa marehemu akasimama akasoma wasifu. Kazaliwa 1954. Kasoma mpaka darasa la saba. Kaoa 1976. Kajaliwa watoto sita. Alikua mkulima hodari, aliugua kwa muda mrefu, Bwana ametoa Bwana ametwaa.

Basi.

"Tuliondoka wote hapa kwenda vita vya Kagera mwezi wa kumi na moja sabini na nane," babu akaniambia, "tukarudi wote mwaka uliofuata, mwezi wa tisa. Miezi kumi ya mwenzangu imepita hivi hivi kama vile aliilala usingizi."

Nikamuuliza mbona hakusimama akasema. Akanyamaza kidogo. Akasema msibani kwa mtu huwezi kusimama kuwasahihisha wafiwa, na tena watoto hawana kosa, baba yao hakuwahi kuwaambia. Sasa kama yule aliyekwenda kanyamaza na waliomtuma wamesahau, mtoto atajulia wapi?

Kwahiyo akarudi nyumbani akachukua daftari la mjukuu wake akaanza kujiandikia wa kwake.

## Nilichochapa siku ile

Sihitaji kukueleza habari za nduli Iddi Amini, kila mtu aliyekulia nchi hii anaijua ile sauti ya Mwalimu, sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Tunaijua hotuba. Mi mwenyewe naweza kuirudia. Ila nilikua sijawahi kujiuliza ule "uwezo" alikua ni nani hasa, na jibu ni kwamba kwa sehemu kubwa walikua ni vijana kama huyu. Jeshi lilikua dogo tu, halikufika watu elfu 40, likapanda mpaka zaidi ya laki moja na nusu ndani ya miezi michache. Askari magereza, polisi, JKT, na mgambo wa vijijini kama 40,000.

Babu alikua mgambo. Ana miaka 22, ana mke na mtoto mmoja anayetambaa. Mwenyekiti wa kijiji akagonga ile rimu ya lori iliyotundikwa mwembeni, wakakusanyika, majina yakasomwa. Hakuna aliyekataa, anasema, na hakuna aliyejua Kyaka, kule Kagera walikopelekwa, iko wapi. Mafunzo wiki chache, alafu treni kutoka Kilosa, Tabora, Mwanza, kisha meli mpaka Bukoba. Alikua hajawahi kuona ziwa. Alidhani ni bahari.

Alafu kutembea. Hapo kwenye kutembea ndo babu anaongea sana. Mutukula pale mpakani, Masaka ndani ya Uganda, kwenda mbele, na mvua, na buti zisizotosha. Alivua ndala pale pale dukani akanionyesha. Vidole vitatu vya mguu wa kulia havina kucha, ngozi imekakamaa ina rangi ya jivu, na katikati ya vidole kuna mikunjo kama ngozi ya mtu aliyefua siku nzima, ila hii haijawahi kurudi kawaida. "Haya ni maji ya kule," akasema. Tangu 1979 hajavaa kiatu cha kufunika, hata siku alipomuozesha binti yake alikwenda na makubazi.

Nilipompa chai akashukuru kwa neno ambalo sikulielewa. Webale nnyo. Kiganda. Amekaa nalo miaka yote hiyo, na lingine analolikumbuka ni lile walilokua wanaitwa na watu wa kule wakipita vijijini, bakombozi. Wanawake wanatoka na matoke wanawawekea barabarani.

"Kule tuliitwa wakombozi," anasema. "Hapa naitwa mzee wa mchicha."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayetaja bei ya kitu.

## Mashaka yangu

Sasa hapa nataka niseme ukweli ambao sijivunii nao.

Nilipomaliza kuchapa na yeye kaondoka, nikaanza kujiuliza kama ni kweli. Hana kitambulisho cha jeshi. Hana namba. Karatasi aliyopewa wakati wa kurudishwa iliungua na nyumba ya nyasi mwaka 1984, na hata kama ingekuwepo sijui ingemsaidia nini, manake mgambo hakuwa muajiriwa wa jeshi. Baada ya vita wengine walichukuliwa moja kwa moja wakawa askari kamili, wakastaafu na pensheni zao. Wengine walishukuriwa wakarudishwa makwao, na makwao wakakuta nchi imeambiwa ifunge mkanda miezi 18, sabuni hakuna, sukari kwa foleni, na kila mtu ana shida zake za kutosha.

Babu aliwahi kwenda ofisi moja, miaka ya nyuma, kuuliza kama kuna chochote kwa watu kama yeye. Kijana wa mapokezi akamuuliza namba yako ya jeshi ngapi. Akasema mimi nilikua mgambo. Kijana akamwambia basi mzee bila namba hatuwezi kujua kama ulikuwepo.

Nilimkasirikia sana yule kijana niliposikia. Na usiku ule ule mi mwenyewe nikawa nafanya kitu kile kile alichofanya, nimeshika simu natafuta kama maneno ya babu yanaendana na yaliyoandikwa.

## Fagio

Kuna kisa kinasimuliwa sana kuhusu askari wa Mjerumani, wale waliopigana chini ya kamanda wao Lettow-Vorbeck kwenye vita ya kwanza ya dunia. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi likaamua kuwalipa waliobaki hai malimbikizo yao. Wazee wakakusanyika Mwanza, mamia, na wengi wao hawana cheti. Wengine wameleta vipande vya sare vilivyochakaa. Inasemekana yule afisa aliyeleta hela akampa kila mzee fagio badala ya bunduki, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Eti hakuna hata mmoja aliyekosea.

Kisa kizuri, kinasimuliwa kwa kuchekesha, lakini kila nikikifikiria siku hizi kinaniuma. Wazee wa zaidi ya miaka sitini wanachezeshwa gwaride na fagio ili waaminiwe kwamba ujana wao ulikuwepo.

Na hao walau waliulizwa. Wapagazi wa Mwingereza kwenye vita ile ile, wale walioitwa Carrier Corps, ambao mpaka leo tunapanda daladala kwenda kwenye jina lao bila kujua, Kariakoo, walikufa makumi ya maelfu, zaidi kwa njaa na magonjwa kuliko kwa risasi. Mishahara mingi ya waliokufa haikufika kwa ndugu zao, kwa sababu hakuna aliyeandika vizuri ni nani na katokea kijiji gani. Sanamu ya Askari pale mjini Dar ipo tangu 1927, shaba, imesimama vizuri na bunduki yake. Shaba ilipatikana. Daftari la majina halikupatikana.

## Lukaya

Kilichonimaliza mashaka ni kitu ambacho babu hakukiandika.

Alirudi baada ya wiki kuchukua nakala zake (mara ya kwanza wino uliisha). Mi nikawa nimeongeza neno. Nilipochapa "alishiriki Vita vya Kagera" nikaweka mbele yake "shujaa", nilidhani namheshimu. Akasoma pole pole, kidole kikifuata mstari, alafu akasimama pale pale kwenye shujaa.

"Hili litoe."

Nikamuuliza kwanini babu, si ndo ulivyo.

Akaangalia nje kwanza. Wanafunzi hawakuwepo siku ile. Akasema, "Lukaya tulikimbia."

Akanieleza. Lukaya iko Uganda, ukitoka Masaka kwenda Kampala. Barabara inapita kwenye kinamasi, mafunjo huku na huku, jioni, wengi wao ni mgambo na wengi hawajawahi kupigana sawa sawa. Walibya, waliokuja kumsaidia Amini, wakaanza kurusha yale makombora, yanakuja mengi kwa pamoja na sauti kama mabati yanaburutwa juu mbinguni. Mengi yalipita juu ya vichwa vyao, hayakumpiga mtu, anasema ndo kinachomuuma zaidi, kwamba ilikua sauti tu. Wakavunja mstari wakaingia kwenye maji. Yeye alitupa blanketi, akatupa na chakula, alibaki na bunduki kwa sababu mkanda wake ulimnasa shingoni. Usiku kucha wamesimama kwenye maji yamefika kiunoni, hakuna anayemuangalia mwenzake usoni. Asubuhi wakapangwa upya wakarudi mbele.

Rafiki yake, yule waliyemzika mwezi wa nne, ndo aliyemshika mkono gizani akamwambia tusitoke kwenye barabara tutapotea, kesho tunarudi.

Usiku ule nikatafuta tena, safari hii sio kwa kumshuku. Nikakuta. Machi 10, 1979, Lukaya, brigedi ya 201, karibu yote mgambo, Walibya wakawafyatulia Katyusha, ndo yale makombora, kikosi kikatawanyika. Machi 11 brigedi ya 208 ikazunguka ikawapiga Walibya kutoka ubavuni, na 201 ikarudi kwa mbele. Mwezi mmoja baadaye Kampala ikaanguka.

Mtu anayejitungia vita hajitungii kukimbia. Ningeweza kumkalisha babu na maswali mia ya namba na vyeti nisipate ushahidi kama ule aliotaka kunificha kwa aibu.

Aliporudi nikamwambia babu, ile ilikua tarehe 10 mwezi wa tatu. Akanitazama. Miaka yote hiyo alikua hajui tarehe, kule mbele siku zilikua hazina majina. Akairudia taratibu, "Kumbe ilikua tarehe kumi."

Alafu akasema nichape hivyo. Kwa hiyo sasa wasifu wake una mistari miwili ambayo sijawahi kuiona kwenye wasifu wowote niliochapa, na nimechapa mingi sana: *Tarehe 10 Machi 1979 pale Lukaya tulikimbia. Tarehe 11 tulirudi.*

## Tarehe 25

Siku ya Mashujaa, mwezi wa saba, nilimuita makusudi aje dukani tuangalie TV. Alikuja na shati la mikono mirefu, kalipiga pasi.

Mnajua inavyokua. Gwaride, tarumbeta, mzinga, kimya. Rais akaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi sime, balozi shada la maua, meya upinde na mshale. Na mwisho mzee, mwakilishi wa wapiganaji wa zamani, akaweka shoka. Babu alikua amesimama muda wote, nilimpa kiti hakukaa. Ile tarumbeta ilipolia alishusha kichwa na mikono yake ikanyooka yenyewe ubavuni.

Alipotokea yule mzee wa shoka akauliza, "Huyu ni wa vita gani?"

Sikujua. Akasogea karibu na TV, karibu kabisa, anamkagua yule mzee usoni kama anamtafuta mtu.

Nilikua nimejiandaa kuandika hapa kwamba sherehe hazina maana, kwamba hela ya gwaride wangenunuliwa dawa. Siwezi. Nimemuona babu yangu huyu wa dukani akisimama dakika zote zile kwa mguu unaouma. Ile sherehe ni yake, anaihitaji, na mtu asiniambie heshima ya namna hiyo haina faida. Ila ikaisha, mtangazaji akaenda kwenye matangazo ya biashara, na babu akaniomba nimsomee karatasi ya dawa aliyopewa hospitali juzi yake. Alipita dirisha la wazee, alimuona daktari bure kama ilivyo haki ya mzee wa zaidi ya miaka 60 asiye na uwezo, wakamwandikia dawa mbili, moja wakasema imeisha akanunue nje. Elfu kumi na nane. Ameitembeza ile karatasi siku mbili.

Kuna kitu kibaya kwenye mpangilio wetu pale. Tunamkumbuka mpiganaji kwa pamoja, kwa jumla, kwa wingi, "mashujaa wetu", alafu akija mmoja mmoja na mguu wake tunamuuliza namba. Kwa pamoja wanaaminika, mmoja mmoja hawaaminiki.

## Kaunta buku

Watu wanasema serikali iwape pensheni. Sawa, na mi nasema hivyo hivyo. Zanzibar tangu 2016 kila mzee aliyetimiza miaka 70 anapewa pensheni jamii, haulizwi alikua na kazi gani, ilianza na elfu ishirini kwa mwezi. Ni kidogo ila mtu hapigi gwaride na fagio. Huku bara kwa waliokwenda Kagera kama mgambo tungeweza kuanza na hata chini ya hapo. Bima ya afya wakatibiwe bila kuhangaika na karatasi. Bendera na askari wawili siku ya maziko. Gari moja kwa mwaka kuwapeleka kule Kaboya, Muleba, walikolazwa wenzao, manake nauli ya kutoka huku mpaka Kagera kwa mtu wa mchicha ni ndoto, na wengi hawajawahi kuyaona yale makaburi.

Lakini yote hayo yanaishia kwenye swali la yule kijana wa mapokezi, tutajuaje ulikuwepo. Na hilo swali lina majibu, tena yako hai, ila yanapungua. Jenerali Musuguri, aliyeongoza divisheni ya 20 kwenye vita ile, kafa 2024 na miaka 104, nchi nzima ikajua, maana aliandikwa. Wale waliotembea nyuma yake wanakufa kila wiki kama wakulima hodari waliougua kwa muda mrefu. Kila kijiji kina mzee anayejua nani alipanda lile lori na nani alirudi. Mtendaji wa kijiji na daftari moja, jioni tatu, mzee huyu anamthibitisha yule. Wenyewe kwa wenyewe hawadanganyani, nimeona.

Nimeona kwa sababu babu alizipeleka nakala zake. Moja kwa mwanae, moja kwa mwenyekiti, moja akaniachia mimi. Sijui aliwaambia nini wenzake, lakini wiki iliyofuata akaja mzee mwingine na karatasi ya daftari. Alafu wawili. Mmoja hawezi kuandika, akaniambia niandike yeye anasema. Nikanunua kaunta buku. Jina, kijiji, walipandia wapi, walipita wapi, walikua na nani. Babu anakaa kwenye benchi pembeni, mtu akitaja mahali anatikisa kichwa, au anasema hapana, huyo hakufika Masaka, aliugua Bukoba akarudishwa, na mwenye maneno anakubali kweli niliugua. Sasa nina majina 11.

Juzi ijumaa jioni nafunga duka, akaja bibi mmoja na mjukuu wake kamshika mkono. Amesikia kuna mtu anaandika waliokwenda vita. Mume wake aliondoka siku ya gulio, anakumbuka kwa sababu alikua amemtuma chumvi. Hakuna karatasi, hakuna picha. Anajua jina, anajua siku ya gulio.

Akaniuliza, "Na wasiorudi unaandika, au ni hawa wenye kuja wenyewe?"

Nikafungua kufuli tena, nikawasha taa. Babu bado alikua pale nje anasubiri bodaboda. Akarudi ndani, akakaa kwenye benchi karibu na yule bibi, akamuuliza jina la mumewe.

Alipolitaja, babu akavua kofia.